Pumzi Kabla ya Nguvu: Mazoezi Tulivu na Afya ya Wapiga Tarumbeta

Mpiga tarumbeta anapolalamika kwamba midomo imemchoka, ushauri anaoupata kwa wenzake mara nyingi ni mmoja: akaze zaidi. Midomo ikizidi kuchoka, huibonyeza ala dhidi ya meno ili noti za juu zitoke. Zikikataa kutoka, huongeza saa za mazoezi. Hatimaye mdomo huvimba, hufa ganzi au hutoka kidonda, naye hufika zahanati, ambako hupewa dawa ya kutuliza maumivu na kuambiwa apumzike siku chache. Siku hizo zikipita, hurudi kwenye bendi, hupuliza kama alivyokuwa akipuliza, na tatizo huanza upya.

Katika mzunguko huo pana pengo pande zote mbili. Mwanamuziki hajaelezwa jinsi mwili wake unavyotoa sauti, na mhudumu wa afya hajafundishwa kumhoji mgonjwa ambaye mdomo wake ndio zana yake ya kazi. Makala haya yanakusudia kuliziba pengo hilo. Hoja yake kuu ni kwamba nguvu ya ziada inayouumiza mwili wa mpiga ala ndiyo hiyo hiyo inayoiharibu sauti yake. Ushauri wa tabibu na ushauri wa mwalimu mzuri wa muziki, kwa hiyo, havipingani hata kidogo: yule anayelinda midomo, mapafu na neva zake ndiye atakayepiga vizuri zaidi na kwa miaka mingi zaidi.

Ala zilizokwisha kuwa zetu

Ala za shaba, yaani tarumbeta, tromboni, honi, tuba na jamaa zake, si ngeni Afrika Mashariki. Ziliingia kwa njia ya majeshi ya kikoloni na misheni, na wenyeji wakazifanya zao. Ngoma ya beni, iliyoanzia miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, iliiga gwaride na bendi za kijeshi, kisha ikaenea hadi bara. Leo ala hizi husikika katika bendi za polisi na majeshi, katika vikundi vya matarumbeta vya makanisa ya Kilutheri na Moravian nchini Tanzania, katika bendi za Jeshi la Wokovu nchini Kenya, na katika misafara ya harusi mitaani Dar es Salaam.

Mazingira ya upigaji huu yana madai yake. Wengi hujifunza kwa kuwatazama waliowatangulia, na ala moja huweza kutumiwa na watu kadhaa. Kikundi cha harusi hupuliza kwa saa nyingi, juani, wakitembea au wakiwa juu ya gari la wazi linalorukaruka barabarani. Kikundi cha kanisa huweza kukaa wiki kadhaa bila mazoezi ya maana, kisha kikapuliza tangu alfajiri ya Pasaka hadi jioni. Mwili unaodaiwa ghafla kazi usiyoizoea hulipa deni hilo kwa kukaza kila msuli ulio karibu: shingo, mabega, mashavu, koo na hata mikono. Hapo ndipo madhara yanapoanzia.

Sauti huzaliwa wapi

Katika ala za shaba, kinachotetemeka kwanza ni midomo. Hewa hupita katikati yake na kuisukuma ikaachana, nayo hurudiana kwa sababu ya unyumbufu wake, na tendo hilo hujirudia mara nyingi kila sekunde. Mpigaji anapotoa noti ya La ambayo okestra huitumia kupatanisha ala, midomo yake hufunguka na kufunga mara 440 hivi kwa sekunde moja. Hakuna msuli wa binadamu unaoweza kujikaza na kujilegeza kwa kasi hiyo kwa amri ya ubongo. Kazi ya misuli ni kuiweka midomo katika mkao unaofaa. Kazi ya kuitetemesha ni ya hewa.

Ukweli huo mmoja, ukieleweka, hubadili namna nzima ya kufanya mazoezi. Mdomo uliobanwa kupita kiasi hautetemeki vizuri, kama ngozi ya ngoma iliyowekewa kiganja. Sauti hutoka nyembamba na kavu, mpigaji huiona haitoshi, hukaza zaidi, nayo huzidi kunywea.

Teknolojia ya tiba imesaidia kuonyesha kinachotendeka ndani. Peter Iltis, mtaalamu wa fiziolojia ambaye pia ni mpiga honi, alishirikiana na watafiti wa mjini Göttingen, Ujerumani, kuwapiga wapiga honi mahiri picha za mwendo kwa mashine ya MRI huku wakipuliza ala maalumu isiyovutwa na sumaku. Miongoni mwa waliopigwa picha hizo alikuwa Sarah Willis wa okestra ya Berlin Philharmonic. Picha zilionyesha ulimi ukipanda na kusogea mbele kadiri noti zilivyopanda, hivyo kuupunguza uwazi wa kinywa. Mtazamaji wa nje haoni jambo hilo hata kidogo. Anachokiona ni mtu aliyetulia. Mwanafunzi anayemwiga bingwa kwa macho tu huikosa kazi hiyo ya ndani, akajaribu kuifidia kwa mikono na shingo.

Pumzi: mapafu yaachiwe yafanye kazi yao

Mtu mzima aliyetulia huvuta takriban nusu lita ya hewa kwa kila pumzi. Mapafu ya mwanamume wa umbo la wastani yakijaa kabisa hubeba karibu lita 6, na kati ya hizo anaweza kutoa lita 4 hadi 5 hivi. Kwa mwanamke kiasi huwa pungufu. Mpiga ala za shaba anahitaji sehemu kubwa ya akiba hiyo, lakini hahitaji kuipigania. Mapafu na kifua vilivyojaa hewa hutaka kurudi vyenyewe kama puto lililojazwa. Mvutano huo wa asili peke yake huweza kuzaa shinikizo la takriban sentimita 30 za maji bila misuli ya kutoa pumzi kufanya lolote. Noti laini ya chini au ya kati haihitaji hata kiasi hicho. Kwa hiyo anayeanza noti laini kwa kukaza tumbo anasukuma mlango ambao tayari uko wazi.

Noti za juu na zenye kishindo ni jambo jingine. Kwa tarumbeta, shinikizo ndani ya kinywa huweza kuzidi sentimita 100 za maji, ambazo ni sawa na milimita 74 hivi za zebaki. Mhudumu wa afya anayepima shinikizo la damu kila siku ataona mara moja kwamba kiwango hicho kinakaribia namba ya chini ya kipimo cha mtu mwenye afya. Mwili unaweza kukistahimili kwa muda mfupi, lakini si jambo la kuufanyisha saa nzima kila siku.

Tofauti kati ya ala na ala ina maana kitabibu. Tuba hula hewa nyingi kwa shinikizo dogo, ilhali tarumbeta hula hewa kidogo kwa shinikizo kubwa. Wapigaji wa ala hizo mbili wanaweza wote kulalamikia kizunguzungu, lakini chanzo kikawa tofauti. Mpiga tuba anayevuta na kutoa hewa nyingi kwa haraka hupoteza kabonidioksidi, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, naye huhisi kichwa chepesi na ganzi vidoleni. Mpiga tarumbeta anayeng'ang'ania noti ya juu huongeza shinikizo kifuani kiasi cha kupunguza damu inayorudi moyoni, na ubongo ukapata damu kidogo kwa muda. Wa kwanza anahitaji kupunguza kasi ya pumzi zake. Wa pili anahitaji kufungua koo, kufupisha noti za juu na kuacha mara moja aonapo giza machoni.

Kosa linaloonekana sana ni kuvuta pumzi, kuizuia kwa kufunga koo, kisha kuilipua. Kufunga koo huko ndiko mtu anakofanya anapoinua gunia zito. Hufaa kwa gunia. Kwa muziki huleta mwanzo wa noti wenye kigugumizi na shingo iliyojaa mishipa. Pumzi nzuri hufanana na bembea: ikifika mwisho wa mwendo wake hugeuka yenyewe bila kusimama. Mpigaji aketi au asimame wima pasipo kujikakamaza, mabega yakae chini, kinywa kifunguke kwa umbo la herufi "o", hewa iingie bila kelele, na papo hapo itoke kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kutua mzigo.

Arnold Jacobs, aliyepiga tuba katika Chicago Symphony Orchestra kuanzia mwaka 1944 hadi 1988, alipata sifa kubwa kwa kufundisha jambo hili. Alitumia vifaa vya hospitali vya kupimia pumzi ili wanafunzi waone kwa macho hewa wanayoivuta na kuitoa. Hata hivyo hakuwataka wapige ala huku wakifikiria misuli ya kifua. Aliwataka waisikie sauti nzuri akilini, kisha waipe hewa. Mwili ungetafuta njia yake.

Mbonyeo wa ala na damu ya midomo

Sehemu ya ala inayogusa midomo ni kikombe kidogo cha chuma chenye ukingo wa duara. Ukingo huo unahitaji kugusa midomo kwa nguvu ya kutosha ili hewa isivuje. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba wapigaji wengi huvuka kiwango hicho kwa mbali, hasa katika noti za juu, na kwamba mbonyeo huweza kufika makumi ya newton.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Newton 10 ni karibu sawa na uzito wa pakiti ya sukari ya kilo 1. Ukingo wa kikombe cha tarumbeta una eneo lisilofika sentimita 4 za mraba. Uzito huo ukienea juu ya eneo hilo, shinikizo juu ya ngozi huwa takriban milimita 200 za zebaki. Damu katika mishipa midogo kabisa, yaani kapilari, hupita kwa shinikizo la karibu milimita 30 tu. Maana yake ni kwamba hata mbonyeo wa wastani huikatiza damu chini ya ukingo. Ni utaratibu ule ule unaosababisha vidonda vya kulalia kwa mgonjwa asiyegeuzwa kitandani, isipokuwa hapa godoro ni meno.

Yapo mafunzo mawili katika hesabu hiyo. La kwanza ni kwamba mbonyeo upunguzwe. Njia rahisi ya kujichunguza ni kuondoa kidole kidogo cha mkono wa kulia kwenye ndoano ya tarumbeta, kwa sababu ndoano hiyo ndiyo wengi huitumia kuvutia ala mdomoni pasipo kujua. Noti inayokatika mara kidole kikiondolewa ilikuwa ikishikiliwa na mkono. La pili ni kwamba mapumziko ni sehemu ya zoezi lenyewe. Kwa kuwa damu hukatizwa kila mara ala inapokuwa mdomoni, haina budi kurudishwa kwa kuiondoa. Kanuni inayofaa kwa mazoezi ya kawaida ni kupumzika kwa muda unaolingana na ule wa kupuliza: sekunde 30 za noti, sekunde 30 za ala kuwa mapajani.

Ubongo hujifunza kinachorudiwa

Midomo huchoka, lakini anayejifunza hasa ni ubongo. Nao hauchagui: hujifunza kosa kwa uaminifu ule ule unaojifunza nao lililo sahihi. Mwanafunzi anayekosea kifungu mara 9 na kukipatia mara ya 10, kisha akafunga ala yake kwa furaha, amejizoeza zaidi kukosea. Ndiyo sababu kasi ndogo inayopatiwa hufika mbali kuliko kasi kubwa inayoyumba. Waswahili wamekwisha kusema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Utafiti wa namna mwili unavyojifunza mienendo unaunga mkono mazoezi mafupi yenye utulivu. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake walionyesha kwamba watu waliojifunza kutumia mashine ya kuigiza mchezo wa kuteleza kwenye theluji walifaulu zaidi walipoelekeza mawazo yao kwenye athari ya mwendo nje ya mwili badala ya kuyaelekeza kwenye miguu yao. Kwa mpiga tarumbeta, athari ya nje ni sauti. Asikilize noti ikijaa chumba. Asihesabu misuli ya mashavu.

Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake waliwachunguza watu waliojifunza zoezi la vidole 5 kwenye piano kwa saa 2 kila siku kwa muda wa siku 5. Wengine walipiga kwa vidole, na wengine walifanya zoezi hilo akilini tu. Katika makundi yote mawili, eneo la ubongo linaloongoza vidole hivyo lilionyesha mabadiliko, ijapokuwa waliopiga kwa vidole walikuwa mahiri zaidi. Hii ni habari njema kwa mwenye mdomo uliojeruhiwa, na pia kwa kijana anayesubiri zamu ya ala moja ya kikundi. Kusoma noti, kuimba wimbo na kuzipitisha noti vidoleni bila kupuliza ni mazoezi halali. Usingizi wa kutosha nao ni sehemu ya kazi, kwani ubongo huendelea kuimarisha usiku kile ulichokipokea mchana.

Mfano wa mazoezi ya dakika 45

Ratiba ifuatayo inafaa kwa mpigaji wa kawaida na inaweza kufupishwa. Mapumziko yamo ndani yake, hivyo muda wa kupuliza hasa ni kama nusu tu.

1. Dakika 5 bila ala. Kuzungusha mabega polepole, kuvuta pumzi na kuishusha bila kukaza, kisha kuimba wimbo utakaopigwa.

2. Dakika 10 za noti ndefu, laini, katika eneo la kati la ala. Kila noti idumu sekunde 8 hadi 10 na kufuatiwa na mapumziko ya urefu huo huo. Lengo ni noti inayoanza bila kishindo na kuisha bila kutetereka.

3. Dakika 10 za vidole na ulimi kwa sauti ya chini sana. Herbert L. Clarke, mpiga koneti wa Marekani aliyetoa kitabu chake cha mazoezi ya ufundi mwaka 1912, aliwataka wanafunzi wapige mazoezi hayo kwa ulaini, kwa sababu anayepiga kwa ulaini hulazimika kutumia hewa badala ya nguvu.

4. Dakika 10 za kupanda juu hatua kwa hatua. Mpigaji asimame kwenye noti ya mwisho inayotoka kwa raha. Kesho au wiki ijayo noti inayofuata itafika yenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

5. Dakika 10 za wimbo wenyewe, kisha noti chache za chini na laini za kuilegeza midomo kabla ya kufunga.

Anayetaka kufanya zaidi arudi baada ya saa kadhaa. Vipindi 2 vya dakika 45 vina faida kuliko kipindi 1 cha saa 3, na mazoezi ya kila siku yana faida kuliko kukesha usiku wa kuamkia harusi. Kikundi chenye safari ndefu ya harusi kigawane kazi: nusu wapulize wimbo mmoja, nusu wapumzike, kisha wapokezane.

Dalili zisizopaswa kupuuzwa

Uchovu wa midomo unaoisha baada ya usiku mmoja ni wa kawaida. Yafuatayo yanahitaji uchunguzi.

La kwanza ni maumivu ya ghafla ya mdomo yakifuatiwa na udhaifu, hewa kuvuja, au shimo dogo linaloonekana mdomo unapokazwa. Huenda msuli wa mviringo unaouzunguka mdomo umechanika. Mwaka 1982 daktari mpasuaji Jaime Planas aliuelezea mchaniko huo kwa wapiga tarumbeta na kuuita kwa jina la utani la Louis Armstrong, "Satchmo". Armstrong, ambaye mwaka 1960 alipiga mjini Léopoldville, Kongo, alikuwa na midomo yenye makovu, na katika miaka ya 1930 alilazimika kuacha kupuliza kwa miezi kadhaa ili ipone. Sauti yake iliwavuta mamilioni. Midomo yake ni onyo.

La pili ni kupoteza udhibiti bila maumivu. Mpigaji mzoefu huona pembe ya mdomo ikivuta upande, au midomo ikitetemeka na kujifunga katika noti fulani tu, ilhali anakula, anazungumza na kucheka kama kawaida. Huenda hiyo ni distonia, hitilafu ya mfumo wa ubongo unaoongoza mwendo. Inakadiriwa kuwa mwanamuziki 1 kati ya 100 wanaoishi kwa muziki huipata distonia ya aina moja au nyingine. Si uvivu wala woga, na kuongeza mazoezi kwa hasira huidhoofisha hali zaidi. Mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu wa neva mapema, na aambiwe waziwazi kwamba si kosa lake.

La tatu ni ganzi ya mdomo isiyoisha baada ya siku chache, jino la mbele linalolegea, uvimbe unaotokeza shingoni wakati wa kupuliza, hewa inayovuja puani bila kukusudia, kuzimia, au maumivu ya kifua. Kila moja kati ya hayo ni sababu ya kuweka ala chini na kumwona daktari.

Wenye maradhi mengine

Mwenye pumu iliyodhibitiwa anaweza kupiga ala za shaba. Awe na dawa yake ya kuvuta karibu na asipulize wakati kifua kinabana. Mwenye shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa aanze kwa kulitibu kabla ya kurudi kwenye noti za juu. Upulizaji wa ala zenye ukinzani mkubwa kama tarumbeta hupandisha kwa muda shinikizo la ndani ya jicho, kwa hiyo mwenye glakoma amweleze daktari wake wa macho kwamba yeye ni mpiga tarumbeta. Vivyo hivyo kwa mwenye ngiri, aliyepasuliwa tumbo au jicho hivi karibuni, au aliyewahi kupata hewa nje ya pafu: asirudi kupuliza bila ruhusa. Daktari wa meno naye amwulize mgonjwa iwapo anapiga ala kabla ya kung'oa au kubadilisha jino la mbele, kwa maana tofauti ya milimita moja huweza kuvuruga mkao wa midomo uliojengwa kwa miaka mingi.

Masikio yasisahaulike. Kiwango kinachokubalika sana cha usalama ni desibeli 85 kwa saa 8, na kwa kila ongezeko la desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo desibeli 100, kiwango kinachoweza kufikiwa mbele ya tarumbeta, ni salama kwa dakika 15 tu. Anayesimama mbele ya mstari wa matarumbeta avae vizibo vya masikio, na mazoezi laini yaliyoelezwa hapo juu yatamsaidia hata jirani.

Usafi wa ala nao ni tiba. Mwaka 2010 jarida la tiba la Chest lilichapisha habari za mpiga tromboni aliyekohoa kwa miaka mingi. Ndani ya ala yake walipatikana kuvu na bakteria waliokuwa wakiuchokoza mwili wake, naye akapata nafuu alipoanza kuisafisha vilivyo. Kikombe kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila siku, mabomba kila mwezi, na maji yaliyotuama yamwagwe baada ya kila kipindi. Wasichangie kikombe bila kukiosha, na mwenye malengelenge ya mdomo au kikohozi kisichojulikana chanzo asichangie kabisa.

Maswali machache zahanati

Mhudumu wa afya hahitaji kujua kusoma noti ili amsaidie mgonjwa wa namna hii. Amwulize anapiga ala gani, kwa saa ngapi, na kama muda huo uliongezeka ghafla. Amwulize kama amebadilisha ala, kikombe, jino au mwalimu. Amwulize kama tatizo hutokea anapopuliza tu au hata anapokula na kuzungumza. Ikiwezekana aje na ala yake na apulize noti 3 mbele ya mhudumu: mabega yanayopanda, shingo iliyojaa, uso uliogeuka mwekundu au kupauka, na alama ya duara iliyozama mdomoni vitaonekana pasipo kipimo chochote.

Kisha badala ya kumwambia "pumzika" na kumwacha hapo, ampe maelekezo yanayotekelezeka: siku ngapi akae bila kupuliza kulingana na jeraha, afanye nini akilini na vidoleni katika siku hizo, na arudi vipi. Anayerudi aanze na dakika 5 za noti laini za kati, mara 2 kwa siku, na aongeze dakika chache kila siku ilimradi mdomo unaamka asubuhi bila uvimbe. Ukiamka umevimba, arudi nyuma hatua moja. Maelekezo hayo hayagharimu dawa wala kipimo, na kwa mpiga tarumbeta anayelisha familia kwa pumzi yake, ndiyo yatakayomwezesha kuwa barabarani na wenzake msimu wa harusi ujao.